Anayekwenda kufanya kazi Ulaya ahesabu siku, si euro peke yake

Mhariri,

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin, tarehe 13 Septemba 2024, habari za wauguzi na vijana wanaokwenda kutunza wazee huko hazikauki magazetini. Tunaelezwa ada ya viza, kiwango cha Kijerumani kinachotakiwa, na mshahara ukishageuzwa kuwa shilingi. Hatuelezwi kwamba kazi hizo kule hufanywa zaidi na wanawake, na kwamba ipo sheria nzito inayomkataza mwajiri kumpunja mwanamke ujira au kumfukuza kwa ajili ya mimba. Sheria hiyo ina kasoro moja kubwa: haimwendei mtu. Aliyedhulumiwa ndiye aiendee, karatasi zikiwa mkononi, kabla siku hazijapita. Mwenye haki kamili huweza kuipoteza kwa kuchelewa siku moja tu.

Hata historia ya sheria yenyewe ni historia ya tarehe. Mkataba wa Roma wa 1957, uliozaa kile tunachokiita leo Umoja wa Ulaya, ulikuwa na kifungu cha 119: wanaume na wanawake walipwe sawa kwa kazi sawa. Asidhani mtu kilitiwa kwa huruma. Ufaransa tayari ilikuwa na sheria ya malipo sawa, ikahofia viwanda vyake vya nguo vitapigwa bei na majirani wanaowalipa wanawake ujira wa chini. Kifungu kikalala karibu miaka 20. Mwaka 1966 wanawake wa kiwanda cha silaha cha Herstal, Ubelgiji, waligoma wiki 12 wakidai kitekelezwe. Kisha akaja Gabrielle Defrenne.

Defrenne alikuwa mhudumu wa ndege wa shirika la Sabena. Mkataba wake ulisema mwanamke akifika miaka 40 kazi yake imekwisha. Wanaume waliofanya kazi ileile ndani ya ndege hawakuwekewa kikomo hicho, na walilipwa zaidi. Akisaidiwa na wakili Éliane Vogel-Polsky, alidai faranga 12,716 za Ubelgiji, tofauti ya mshahara ya miaka mitatu hivi. Tarehe 8 Aprili 1976 Mahakama ya Haki ya Ulaya, iliyoko Luxembourg, ikaamua kwamba kifungu cha 119 kinambana hata mwajiri binafsi, na mfanyakazi anaweza kukitegemea moja kwa moja mbele ya hakimu wa nchi yake bila kungoja bunge litunge kitu.

Uamuzi huo una mkia ambao watu husahau kuusimulia. Serikali za Uingereza na Ireland zilionya kwamba madai ya miaka ya nyuma yangezilemea kampuni. Mahakama ikasikia, ikasema hakuna anayeruhusiwa kudai malipo ya kabla ya 8 Aprili 1976, isipokuwa aliyekwisha fungua madai. Waliotangulia wakalipwa, waliokaa kutazama mwenzao atafika wapi wakakosa. Kuhusu kile kikomo cha miaka 40 chenyewe, Defrenne alishindwa mwaka 1978: kifungu kilihusu malipo tu, na masharti mengine ya kazi hayakuwamo.

Mwaka 1990 jambo likajirudia vilevile. Mwingereza mmoja, Douglas Barber, alipunguzwa kazini akiwa na miaka 52. Mwanamke aliyepunguzwa katika kampuni hiyohiyo alianza kupokea pensheni papo hapo akiwa amefika miaka 50; mwanamume mpaka 55. Barber alifariki kabla ya hukumu, mkewe akaiendeleza kesi akaishinda: pensheni ya kampuni nayo ni malipo. Na hapo tena mahakama ikachora mstari, tarehe 17 Mei 1990, kwa wale ambao hawakuwa wamedai. (Anayesema sheria hii ni ya wanawake dhidi ya wanaume aikumbuke kesi hii.)

Leo kifungu cha 119 kinaitwa cha 157. Chini yake yapo maagizo ya Umoja: la 2006 namba 54 linakataza ubaguzi wa kijinsia katika kuajiri, kupandisha cheo, kulipa na kufukuza; la 1992 namba 85 linamlinda mjamzito; na la 2023 namba 970 linahusu uwazi wa mishahara. Agizo si sheria inayosomwa kortini kama ilivyo. Ni amri kwa kila nchi itunge sheria yake hadi tarehe fulani. Ndiyo maana haki ni moja, lakini siku za kuidai hutofautiana ukivuka mpaka. Uingereza ilijitoa tarehe 31 Januari 2020, ina sheria yake ya mwaka 2010. Uswisi haikuwahi kuingia. Wakala anayesema "Ulaya ni moja tu" hajui anachokisema.

Nianze na malipo. Ubaguzi wa wazi kila mtu huuona: yeye analipwa 3,500, mimi 3,000, kazi moja. Unaowanasa wengi ni ule uliojificha ndani ya kanuni ambayo haimtaji mwanamke hata mara moja. Mfano mzuri umetoka katika huduma ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo nchini Ujerumani, na hukumu yake ya Luxembourg ni ya 29 Julai 2024. Mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri ulitoa nyongeza ya asilimia 30 kwa ovataimu. Ila ovataimu ilihesabiwa pale tu mtu anapozidi saa za mfanyakazi wa wiki nzima, yaani saa 38.5. Mmoja wa waliodai alikuwa ameajiriwa kwa asilimia 40 ya saa hizo. Piga hesabu: wiki yake ni saa 15.4. Ili aionje ile nyongeza ilimlazimu afanye saa nyingine 23.1 juu ya zake. Mwenzake wa wiki nzima aliipata akizidisha kidogo tu.

Mwajiri alijitetea kwamba kanuni ni moja kwa wote, saa sawa malipo sawa, na kwamba nia yake ni kuzuia ovataimu. Mahakama ilikataa yote mawili. Kikomo kimoja kwa watu wenye saa tofauti ni mzigo mzito zaidi kwa mwenye saa chache. Na badala ya kuzuia ovataimu, kanuni ile ilimshawishi mwajiri awape ovataimu haohao wa saa pungufu, kwa kuwa ni wa bei rahisi. Mwajiri alikuwa na hoja nyingine: hata wafanyakazi wake wa wiki nzima, asilimia 68 ni wanawake, ubaguzi uko wapi? Jibu likawa kwamba miongoni mwa wa saa pungufu wanawake walikuwa takriban asilimia 85. Inatosha kuonyesha kwamba kanuni inawaumiza wanawake kwa sehemu kubwa zaidi. Si lazima upande wa pili uwe wa wanaume watupu.

Mahakama Kuu ya Kazi ya Ujerumani ikamaliza tarehe 5 Desemba 2024: mdai aongezewe saa 38 na dakika 39 katika akiba yake ya muda, yaani hesabu ya saa anazomdai mwajiri, na fidia ya euro 250. Kwa maoni yangu euro 250 hazimtishi mwajiri yeyote. Lakini hesabu ya saa ndiyo mali, maana kanuni ya namna hiyo ikianguka kwa mmoja, mwajiri ana maelfu wengine wa kuwahesabia.

Sasa kulinganisha. Watu hukosea mahali pawili. Kwanza, hulinganisha vyeo. Sheria hailinganishi majina ya kazi. Inauliza kama kazi mbili zina thamani sawa, kwa vipimo vinne: ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. Mtunza wazee anayemgeuza mgonjwa kitandani usiku peke yake anaweza kujilinganisha na fundi wa jengo hilohilo, hata kama hakuna aliyewahi kuwataja pamoja. Wanasheria wa waajiri hupenda kusahau kipimo cha juhudi pale inapokuwa ya kubeba watu, si magunia. Pili, hulinganisha jumla. Kesi ya Barber iliamua kwamba kila kipande cha malipo kisimame peke yake: mshahara wa msingi na wa msingi, nyongeza ya usiku na ya usiku, pensheni na pensheni. Mwajiri hawezi kusema "mshahara wako ni mdogo, lakini nimekupa chumba".

Huyo wa kujilinganisha naye si lazima awe jengo moja na wewe. Katika kesi ya wafanyakazi wa maduka ya Tesco, Juni 2021, Luxembourg ilisema wauzaji wa dukani wanaweza kujipima na wafanyakazi wa maghala ya kampuni hiyo, kwa kuwa mishahara ya pande zote mbili inatoka chanzo kimoja. Ukienda kwa mwajiri wa jirani ambaye hana uhusiano na wako, hapo hoja inakufa. Wala si lazima mwe kazini wakati mmoja. Wendy Smith, Mwingereza, alilipwa pauni 50 kwa wiki. Mwanamume aliyeiacha kazi hiyo kabla yake alilipwa 60. Alishinda mwaka 1980. Kwa hiyo ukipata nafasi, uliza nani alikuwa hapa kabla yangu na alilipwaje.

Mwajiri atajitetea, na hoja zake si nyingi. Atataja miaka ya utumishi, na kwa kawaida hili linakubaliwa bila maelezo marefu, isipokuwa mfanyakazi aonyeshe shaka ya kweli kwamba katika kazi ile miaka haiongezi ustadi. Atasema mishahara ya makundi mawili ilijadiliwa katika mikataba tofauti. Hilo pekee halikubaliki tangu 1993. Atasema soko lina uhaba wa wanaume wa fani fulani, basi aonyeshe ni kiasi gani cha tofauti kinaelezwa na uhaba huo, si kulitaja neno na kunyamaza. Na atasema, hasa Ujerumani, kwamba mwanamume yule alijua kupatana bei. Hoja hiyo ilizikwa tarehe 16 Februari 2023. Kampuni moja ya jimbo la Sachsen ilimpa mwanamke euro 3,500 kwa mwezi. Mwanamume wa kazi ileile alizikataa 3,500, akataka 4,500, akapewa. Mahakama Kuu ya Kazi ilisema kujua kupatana hakuhalalishi tofauti, ikaamuru mwanamke alipwe takriban euro 14,500 za nyuma na fidia ya 2,000.

Wasomaji watauliza: mgeni aliyefika juzi atajuaje mwenzake analipwa ngapi? Hilo ndilo tatizo lililoiua sheria hii kwa miongo. Mwaka 1989, katika kesi ya Danfoss ya Denmark, wanaume walikuwa wakipata kwa wastani asilimia 6.85 zaidi na hakuna aliyejua nyongeza zinatolewa kwa kipimo gani. Luxembourg ikasema mfumo ukiwa giza, na wastani ukionyesha tofauti, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri. Agizo la 2023 limeichukua fikra hiyo na kuifanya utaratibu. Nchi wanachama zilipewa hadi 7 Juni 2026 kuliingiza katika sheria zao. Linafanya kazi hivi.

Kabla ya usaili mwajiri lazima ataje mshahara wa kuanzia au kiwango chake. Haruhusiwi kumuuliza mwombaji alikuwa akilipwa ngapi kazi iliyopita. Kwa watu wetu kipengele hiki ni kikubwa kuliko kinavyoonekana, maana swali la "Nairobi ulikuwa unapata kiasi gani?" ndilo linaloshusha mshahara wa mgeni kabla hajapanda ndege. Mtu akishaajiriwa, ana haki ya kuomba kwa maandishi aelezwe kiwango chake na wastani wa malipo, ukigawanywa kwa jinsia, wa wote wanaofanya kazi sawa au yenye thamani sawa. Jibu lije ndani ya miezi miwili, nalo ni kwa maandishi. Kifungu cha mkataba kinachomkataza mfanyakazi kutaja mshahara wake hakina nguvu katika jambo hili. Mwajiri asipotimiza wajibu wa uwazi, kesi ikifika mahakamani yeye ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Fidia haina kikomo cha juu, na muda wa kudai usipungue miaka mitatu, tena hauanzi mpaka mdai ajue au awe na sababu ya kujua.

Barua ya kuomba iandikwe fupi: jina, namba ya mfanyakazi, kazi, tarehe ya kuanza, "naomba kiwango changu na wastani wa wanawake na wa wanaume wa kundi langu la kazi". Itumwe kwa njia inayoacha alama ya kupokelewa. Kuomba kwa mdomo ofisini ni sawa na kutoomba. Agizo linaruhusu pia kuombea kupitia wawakilishi wa wafanyakazi au chombo cha usawa cha nchi, na kwa mgeni mwenye woga njia hiyo ni bora.

Kasoro ya agizo naiona katika ukubwa wa kampuni. Ripoti ya tofauti ya mishahara inawahusu wenye wafanyakazi 100 na zaidi tu: wa 250 na kuendelea kila mwaka, wa 150 hadi 249 kila miaka mitatu, makundi haya mawili yakianza 7 Juni 2027, wa 100 hadi 149 wangoje hadi 7 Juni 2031. Tofauti ikifika asilimia 5 katika kundi lolote, ikakosa sababu, na isirekebishwe ndani ya miezi sita, mwajiri hukaa na wawakilishi wa wafanyakazi kuipima mishahara upya. Vizuri. Lakini nyumba ya wazee yenye wafanyakazi 40 haiandiki ripoti yoyote. Huyo wa nyumba ndogo amebakiwa na barua yake tu.

Nije kwenye mimba, ambako makosa ni ya gharama kubwa zaidi.

Tarehe 8 Novemba 1990 mahakama ya Luxembourg ilitoa hukumu mbili siku moja. Katika kesi ya Dekker ya Uholanzi ilisema kumnyima mtu kazi kwa sababu ni mjamzito ni ubaguzi wa moja kwa moja. Hahitaji kumtafuta mwanamume wa kujilinganisha naye, kwa kuwa hakuna mwanamume anayeshika mimba. Katika kesi ya pili, ya Denmark, ikasema ugonjwa uliotokana na uzazi ukiendelea baada ya likizo kwisha, mwanamke ahesabiwe kama mwanamume mgonjwa. Ulinzi kwa hiyo una mlango wa kuingilia na wa kutokea: tangu mwanzo wa mimba hadi mwisho wa likizo ya uzazi. Ndani ya muda huo, ugonjwa wa mimba hauwezi kuhesabiwa kama utoro. Nje yake, unaweza.

Kiwango cha chini cha likizo ni wiki 14, yaani siku 98. Tanzania ni siku 84. Ujerumani hutoa wiki 6 kabla na 8 baada ya kujifungua, 12 kama ni pacha au mtoto amezaliwa kabla ya wakati. Bima ya afya hulipa hadi euro 13 kwa siku na mwajiri hujazia mpaka wastani wa mshahara wa mkononi. Kufukuzwa kunakatazwa tangu mimba hadi miezi minne baada ya kujifungua, hata akiwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Kipindi cha majaribio ndicho kinachowadanganya wengi. Hudhani ndani ya miezi sita ya kwanza hawana lolote.

Binti halazimiki kusema ana mimba wakati wa usaili. Mwaka 2001 Luxembourg ilimlinda hata mfanyakazi wa mkataba wa miezi sita ambaye alijua ni mjamzito alipousaini na asingeweza kufanya kazi sehemu kubwa ya muda huo. Mwajiri wa Ujerumani haruhusiwi kuuliza, na akiuliza, jibu lisilo la kweli halimpi sababu ya kuvunja mkataba. Wakala wa huku akidai kipimo cha mimba "kwa niaba ya mwajiri", hiyo karatasi, au huo ujumbe wa simu, uhifadhiwe. Sheria ya Ulaya haimfikii wakala wa Mombasa, ila inamfikia yule aliyemtuma.

Mitego ni miwili. Mkataba wa muda maalumu huisha siku yake, mimba haiurefushi. Kinachokatazwa ni kukataa kuuongeza kwa sababu ya mimba, na hapo ushahidi ni wenzake walioongezewa. Mtego wa pili ni mbaya zaidi: karatasi yenye kichwa Aufhebungsvertrag. Si barua ya kufukuzwa, ni makubaliano ya kuachana. Akiisaini, ulinzi wote wa mimba unaanguka, maana hakufukuzwa, ameondoka kwa hiari. Huletwa kwa upole, na kalamu juu yake. Aseme ataisoma nyumbani, basi. Hakuna sheria inayomtaka asaini siku hiyo.

Hapa sasa ndipo siku. Ujerumani: anayepinga kufukuzwa lazima awe amefungua kesi ndani ya wiki tatu tangu barua imfikie. Barua yenyewe ni lazima iwe ya karatasi yenye saini ya mkono. Ujumbe wa WhatsApp au barua pepe haufukuzi mtu. Mwajiri akiwa hakujua mimba, aelezwe ndani ya wiki mbili tangu barua ifike. Madai ya fidia ya ubaguzi yapelekwe kwa maandishi ndani ya miezi miwili, kisha mahakamani ndani ya miezi mitatu tangu madai hayo. Mikataba mingi ina kifungu cha kupoteza madai yasiyoandikwa ndani ya miezi mitatu au sita, na mwajiri atakishika. Uholanzi ni miezi miwili kupinga kufukuzwa. Hispania ni siku 20 za kazi. Ufaransa ni miezi 12, lakini kwa ubaguzi miaka mitano. Tofauti ya wiki tatu na miaka mitano, haki ileile!

Luxembourg yenyewe imeanza kuzitilia shaka siku fupi. Mtunza wazee mmoja wa Ujerumani, mwenye mkataba wa mwaka mmoja, alipewa barua tarehe 6 Oktoba 2022. Tarehe 9 Novemba daktari akamwambia ana mimba ya wiki saba, yaani alikuwa mjamzito siku ile ya barua bila kujua. Kesho yake akamwambia mwajiri. Kesi akaifungua 13 Desemba. Sheria ya Ujerumani inamruhusu aliyechelewa bila kosa lake kuomba kupokelewa, ila aombe ndani ya wiki mbili, na yeye alikuwa amezipita. Tarehe 27 Juni 2024 mahakama ilisema wiki mbili ni muda mfupi mno kwa mwanamke aliye katika hali hiyo kutafuta ushauri na kuandika madai, tena ni mfupi kuliko wiki tatu za kawaida, ikamwachia hakimu wa Ujerumani apime. Ni nafuu, lakini asiijenge mtu safari yake juu ya nafuu. Alipomwambia mwajiri tarehe 10, angekwenda mahakamani tarehe 11.

Na kwenda mahakamani si jambo la matajiri. Mahakama za kazi za Ujerumani zina dawati liitwalo Rechtsantragstelle, ambako karani humwandikia mdai madai yake bila malipo. Ngazi ya kwanza haihitaji wakili. Kila upande hulipa wakili wake mwenyewe, hata ukishindwa hulipi wa mwajiri. Achukue mkataba, barua aliyopewa na bahasha yake, slipu za mshahara, na ratiba za zamu. Ratiba ndiyo wengi huikosa kwa kuwa hubandikwa ukutani na kuondolewa mwisho wa mwezi. Ipigwe picha kila wiki.

Wafanyakazi wa nyumbani wana neno lao. Hispania iliwanyima bima ya kukosa kazi, na zaidi ya asilimia 95 yao ni wanawake. Kanuni haikutaja jinsia, lakini Luxembourg ililiita jambo hilo kwa jina lake tarehe 24 Februari 2022, na Septemba mwaka huo Hispania ikabadili sheria. Tarehe 19 Desemba 2024 ikaongeza kwamba mwenye nyumba naye hawezi kusamehewa wajibu wa kuandika saa za kazi. Hadi aandike, mfanyakazi aandike zake: saa ya kuamka, ya kulala, na siku ya mapumziko ambayo hakupewa, kila siku katika daftari moja. Hata asiye na kibali cha kukaa hapotezi ujira wa kazi aliyokwisha fanya. Agizo la 2009 namba 52, linalofuatwa na karibu nchi zote za Umoja, linamhesabia angalau miezi mitatu ya kazi iwapo hakuna anayeweza kuthibitisha muda mwingine.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Matangazo ya mawakala yana nafasi kubwa katika kurasa zako. Chini ya kila tangazo la kazi ya Ulaya, wekeni mstari mmoja wenye vitu vitatu: jina la mwajiri mwenyewe, si la wakala, mshahara wa kuanzia, na siku za kupinga kufukuzwa katika nchi husika. Wakala asiyeweza kuvijaza vitatu hivyo, tangazo lake lisubiri wiki ijayo.

Msomaji wenu,
Mombasa